Kwa Mnaoelekea Chuo Kikuu Kusoma Sayansi



Walimu wetu wametutaka tuandike machache katika jarida la mwaka huu kwa ajili ya wadogo zetu waliomaliza kidato cha sita na wanaosubiri kwenda chuo kikuu kusoma fani za sayansi. Sisi ni wanafunzi wa zamani wa madrasa hii, watano kwa idadi, wanaume wanne na ukhti mmoja. Watatu tulisoma Mlimani, mmoja Sokoine kule Morogoro na mmoja Zanzibar. Tumekaa mara mbili baada ya Alasiri kuyajadili haya, na pale tulipohitilafiana tutasema. Hatukusudii kurudia habari za Al-Khwarizmi na Ibn Sina na mchango wao katika elimu, kwani hizo mmezisoma sana katika kurasa hizi, na kumjua Al-Khwarizmi hakujamsaidia mtu kufaulu jaribio la wiki ya sita.

Jambo lenyewe ni hili. Wengi wanaoanguka mwaka wa kwanza wa sayansi si wavivu, wala hawakukosa akili. Mvivu hafiki huko na PCM au PCB yake. Wanaanguka kwa sababu wanasoma sana bila ya kuhesabu, na bila ya kujua somo lipi limeegemea lipi.

Tulikaa bweni moja na kijana aliyekuja na daraja la kwanza katika mchepuo wa PCB. Alikuwa akiamka kabla ya Alfajiri na kulala baada ya saa sita usiku. Biolojia aliipenda kwa moyo wote, na michoro yake ya maabara ilipita mkono kwa mkono ili wengine waitazame. Lakini muhula ule ulikuwa na hisabati pia, na takwimu, na kemia iliyojaa hesabu, na yeye sekondari alikuwa amesoma hesabu za BAM tu. Kila jioni alifungua kwanza kile alichokipenda. Hisabati aliiwekea mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki ukifika kulikuwa na ripoti ya maabara inayomngoja. Matokeo ya mwaka yalipotoka, jina lake lilikuwa katika orodha ya walioondolewa masomoni, yaani kudisko kama wanavyosema wanafunzi. Baba yake ni mvuvi, na alikuwa ameuza mashine ya boti ili akamilishe ada ambayo mkopo haukuifikia. Tulimsindikiza kituo cha mabasi godoro lake likiwa limefungwa kwa kamba, na hapakuwa na aliyejua la kumwambia. Alhamdulillah, baadaye alijiunga na stashahada ya ufundi wa maabara na leo ana kazi yake. Mashine ya boti haikurudi.

Basi tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoachwa. Katika utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kila kozi ina uzito wake kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Mwaka mmoja wa shahada ni krediti 120, kwa hiyo ni saa 1,200. Ukigawa kwa mihula miwili unapata saa 600, na muhula una kiasi cha wiki 15 za kufundishwa. Ni saa 40 kila wiki. Sasa chukua ratiba iliyobandikwa ubaoni uhesabu vipindi vyako: mihadhara, semina na maabara vitakuja kama saa 20 au 25. Mwanafunzi mgeni akiona nafasi zilizo wazi hudhani ni mapumziko. Siyo. Zile saa 15 au 20 zisizoandikwa popote ni za chuo pia, ila chuo kimekuachia wewe uziandike. Katika wiki ya kwanza, kabla hata hujajua jina la mhadhiri, ziandike: Jumatatu saa nne hadi saa sita hisabati, maktaba, Jumanne baada ya Isha ripoti ya kemia, na kadhalika. Saa isiyo na jina la somo huliwa na mazungumzo ya barazani.

Kuna wanaosema kuwa sayansi haimwachii mtu muda wa kulala wala wa ibada. Tulilifanyia hesabu jambo hili. Wiki ina saa 168. Usingizi wa saa 8 kwa siku ni 56, zabaki 112. Toa 40 za masomo, zabaki 72. Swala tano pamoja na kwenda msikitini na kurudi, tuseme nusu saa kila moja, ni saa 17 na nusu. Zabaki 54 na nusu. Anayekaa kwa shangazi yake Mbagala na kusoma Mlimani daladala zaweza kumla saa 3 kwa siku, siku tano ni 15. Zabaki 39 na nusu za kula, kufua, kupiga gumzo na kuwapigia simu wazazi. Kwa hiyo muda upo. Lakini mwenye kushika simu saa 4 kila siku anatoa 28 katika hizo, na baada ya hapo ni kweli kwamba hana muda.

Hesabu peke yake haitoshi, kwani yule kijana wa PCB saa alikuwa nazo nyingi kuliko sisi. Alichokosa ni ramani. Kabla ya kununua hata daftari, tafuta kitabu cha mwongozo cha chuo chenye kozi za miaka yote mitatu, usitosheke na za mwaka wako. Kozi nyingi za mwaka wa pili zimeandikiwa kozi inayotakiwa uwe umeipita kabla yake. Chukua karatasi kubwa, andika kozi za mwaka wa kwanza chini, za pili katikati, za tatu juu, kisha vuta mishale kutoka chini kwenda juu. Mmoja wetu alifanya hivyo nyuma ya kalenda ya ukutani, ikakaa mlangoni kwake miaka mitatu, na kila aliyeingia chumbani aliiuliza. Utakachokiona ni kwamba mishale haitoki sawasawa. Kuna kozi za mwaka wa kwanza zisizoegemewa na chochote, na kuna moja au mbili zinazobeba nyumba nzima.

Karibu kila mahali kalkulasi ni mojawapo. Fizikia ya mwendo ni kalkulasi tupu: kasi ni badiliko la mahali kwa wakati, na mchapuko ni badiliko la kasi kwa wakati. Katika kemia, kasi ya mmenyuko haieleweki bila ya kalkulasi na logi. Kupungua kwa mionzi katika madini, kuongezeka kwa bakteria katika maziwa yaliyoachwa nje, na kupungua kwa dawa katika damu ya mgonjwa, yote hayo utayakuta katika vitabu vitatu tofauti, na ukitazama vizuri ni mlinganyo mmoja uliobadilisha kanzu. Aliyeuelewa mara moja katika darasa la hisabati anasoma sura tatu kwa bei ya moja. Aliyeuruka anakariri mara tatu, na kila mara anasahau.

Nguzo nyingine ni takwimu, na hapa mwenzetu wa Sokoine ametuomba tumwachie neno. Anasema watu wa biolojia na kilimo huichukulia takwimu kuwa adhabu iliyoletwa na watu wa hisabati, ilhali mambo ni kinyume. Sehemu kubwa ya takwimu za majaribio zinazofundishwa leo zilijengwa na Ronald Fisher alipokuwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alikoanza kazi mwaka 1919. Alikuwa na mashamba yaliyotiwa mbolea tofauti kwa miaka mingi, na swali lake lilikuwa la mkulima: mavuno haya yamezidi kwa sababu ya mbolea, au kwa bahati tu ya mvua na udongo? Anayetaka kuwa bwana shamba au mtafiti wa malaria atakutana na swali hilo hilo, na hataweza kulijibu kwa kuangalia kwa macho.

Kwa wale mliosoma PCB au CBG basi, tunawaambia waziwazi kuwa mpango wenu hauanzi chuo kinapofunguliwa. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei, na vyuo hufungua Oktoba au Novemba. Hata ukiondoa muda wa JKT kwa wanaoitwa, zinabaki siku za kutosha. Saa moja kwa siku baada ya Alfajiri, ukitumia kitabu cha hisabati cha mwanafunzi wa PCM, ukaanza na grafu na logi kisha ukaingia kalkulasi, hiyo inatosha. Usijaribu kusoma kozi zote za chuo kabla ya kufika. Soma ile moja iliyobeba nyingine.

Tuseme sasa juu ya alama, maana wengi hawajui zinavyokokotolewa mpaka zimekwisha kokotolewa. Mlimani, A ni kuanzia 70 na ina pointi 5, B+ ni 60 hadi 69 na ina 4, B ni 50 hadi 59 na ina 3, C ni 40 hadi 49 na ina 2. Kazi za muhula, yaani majaribio na maabara, ni 40 kwa mia, na mtihani wa mwisho 60. Pointi za kila kozi huzidishwa na krediti zake. Chukulia una kozi mbili tu, moja ya krediti 12 na nyingine ya 8. Ukipata A katika ya 8 na C katika ya 12, unayo 40 na 24, jumla 64, gawa kwa 20 ni 3.2. Geuza: A katika ya 12 na C katika ya 8, unayo 60 na 16, jumla 76, gawa kwa 20 ni 3.8. Ni A ile ile moja na C ile ile moja, lakini wa kwanza yuko daraja la pili la chini na mwenzake yuko daraja la pili la juu, ambalo huanzia 3.5. Kwa hiyo usiku wa kuamkia majaribio mawili, ukiwa huna nguvu za kusoma yote, tazama krediti kwanza.

Na msidanganywe na wanaosema mwaka wa kwanza ni wa kuzoea. Mwaka huo ni theluthi moja ya shahada ya miaka mitatu. Aliyemaliza mwaka wa kwanza na 2.4 na anataka kufikisha 3.5 mwishoni, krediti zikiwa sawa kila mwaka, atahitaji wastani wa zaidi ya 4.0 katika miaka miwili iliyobaki, tena kwa masomo magumu zaidi. Wapo waliofanya hivyo. Hatukuwaona wengi.

Sasa namna yenyewe ya kusoma. Hapa ninyi mna jambo ambalo wenzenu wengi chuoni hawana, na tunashangaa kuwa vijana wetu wakifika huko huliacha mlangoni. Mnajua muraja'a. Msahafu wa Madina una kurasa 604, na mtu akihifadhi ukurasa mmoja kwa siku atafika mwisho kabla ya miaka miwili. Lakini kila mmoja hapa anajua kuwa asiyerudia ya nyuma hufika ukurasa wa 604 akiwa amekwisha kuupoteza wa 50. Ndiyo maana maalim haridhiki na kipande kipya peke yake. Anataka kipya, anataka cha jana, na anataka cha zamani, na anataka ukisome kwa moyo msahafu ukiwa umefungwa. Hakuna anayeitwa mwenye kuhifadhi kwa kuwa ameangalia ukurasa mara kumi.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wameyapima haya kwa njia zao. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alichapisha mwaka 1885 vipimo vya namna mtu anavyosahau, akaonyesha kuwa kurudia kwa kuachanisha siku kunashika kuliko kurudia kwa mkupuo. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi vipande vya maandishi. Baadhi wakavisoma tena, wengine wakafunga karatasi wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakakumbuka zaidi. Mwanafunzi anayesoma notsi zake mara nne usiku wa mtihani anajiona anajua, kwa sababu yumo ndani ya zile dakika 5.

Kwa hiyo panga kila siku kama ulivyopanga juzuu zako. Mhadhara wa leo uuandike upya jioni kwa kichwa chako, daftari likiwa limefungwa, kisha ufungue uone ulichoacha. Wa jana ufanyie maswali mawili. Wa wiki mbili zilizopita ufanyie swali moja. Haizidi saa moja na nusu. Katika hisabati na fizikia kusoma kwa macho hakuhesabiki kabisa, kama kutazama mtu akiogelea. Kalamu isipotembea hukusoma.

Juu ya madesa, yaani zile notsi na majibu ya mitihani ya zamani yanayouzwa kwenye vibanda vya fotokopi, tulihitilafiana. Wawili wetu wanaona hayafai kabisa, kwa kuwa humfanya mtu akariri jibu la mwaka mwingine. Watatu tunaona maswali ya zamani ni hazina, ila majibu yafungiwe kabatini mpaka umejaribu mwenyewe. Vivyo hivyo juu ya uongozi wa jumuiya za wanafunzi: ukhti wetu aliushika tangu muhula wa kwanza na alifaulu vizuri, na wengine tunashauri usubiriwe mwaka wa pili. Yeye anasema aliweza kwa sababu alitoa saa 5 tu kwa wiki na alizihesabu.

Ratiba ya maabara ina jambo la haraka. Makundi ya maabara na semina hupangwa wiki ya kwanza, na mara nyingi mwanafunzi anaweza kuomba kundi. Fika siku ya kwanza, utazame lipi haliingii Ijumaa kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana, ujiandikishe. Baada ya wiki ya pili makundi yamejaa na kila ombi ni usumbufu. Tazama pia Ramadhani inaangukia wapi katika kalenda ya chuo. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11, hivyo katika miaka ya karibuni inaelekea Februari na Januari. Ikiwa kuna kundi la maabara la asubuhi, lichukue. Kusimama saa tatu mchana na saumu huku ukipima kemikali kunataka utulivu. Mazito ya kusoma yawekwe baada ya daku, si baada ya tarawehe. Ukhti anaongeza kuwa mabinti wakubaliane na kundi lao la kujisomea limalizike kabla ya Magharibi, na kwamba ndani ya maabara mtandio ufungwe na kuingizwa ndani ya koti, uwe wa pamba, maana nailoni na moto havijuani.

Bumu likitoka, koti la maabara, kalkuleta na nauli ya muhula vitoke kwanza. Hili halina maelezo.

Lugha nayo huwatisha wengi, kwani mhadhara ni wa Kiingereza na mhadhiri hangoji. Tengeneza daftari dogo la istilahi, safu mbili. TUKI walichapisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, tafuteni nakala yake maktaba. Ninyi mmekwisha kusoma nahau ya Kiarabu, lugha isiyozungumzwa majumbani mwenu, mkatofautisha mtenda na mtendwa kwa irabu moja. Kiingereza cha kemia hakina ugumu huo. Usipoelewa, uliza, na ukiona aibu kuuliza mbele ya watu 300, mfuate mwalimu wa semina ofisini kwake. Kila mwanafunzi pia ana mshauri wa masomo katika idara. Mwende wiki ya tatu, ukiwa na ile karatasi ya mishale mkononi, wakati huna tatizo lolote. Wengi humwona mara ya kwanza wakati barua imekwisha andikwa.

Wanaotarajia kwenda chuoni mwaka huu, sisi tutakuwa barazani hapa madrasa kila Jumamosi baada ya Alasiri mpaka vyuo vifunguliwe, na ukhti atakuwa upande wa akina mama. Njooni na orodha ya kozi mlizopangiwa, kalamu ya risasi na karatasi kubwa. Kalenda ya zamani ya ukutani inafaa, upande wa nyuma.

Wabillahi tawfiq.